Mwiba wa Tafi na Maji Niliyoficha Chini ya Kitanda

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza. Najua mnasoma mkitembea, mkila, mkijibu simu. Haya yasomeni mkiwa mmeketi, kwa sababu nimeyaandika kwa mkono wa kulia, na mkono huo ulikuwa umeshapangiwa kisu. Sikusoma sana. Shule niliacha darasa la nne. Lakini vipimo vya sweta naandika, barua za kikundi naandika, na hii nimeandika pia, kidogo kidogo, kwa sababu kidole bado kinachoka. Kama una kidonda kisichopona na unakificha, hii ni yako. Kama huna, soma tu. Mwili hautoi notisi.

Mimi naitwa Mama Simiyu. Naishi Langas, hapa Eldoret, pamoja na mwanangu Simiyu, mke wake Nekesa, na watoto wao. Tangu mume wangu afariki, nimeishi kwa kufuma sweta za shule. Nina mashine ya kufuma, ile ya reli ndefu unayoisukuma kushoto na kulia, na mkono unaosukuma ni huu wa kulia. Uzi ukiruka unauokota kwa ndoano, na kidole kinachobana ndoano ni cha kati. Mji huu una baridi. Mtoto hawezi kwenda shule bila sweta, kwa hivyo sijawahi kukosa kazi. Kidole hicho kikienda, mashine imeenda, na mashine ikienda, mimi ni mwanamke wa kuketi jikoni kungoja kupewa chai. Hilo ndilo nililokuwa nikipigania. Msisahau mnaposoma.

Mambo yalianzia pwani. Desemba ile msichana wa kwanza wa binti yangu Nanjala alikuwa anaolewa huko Kilifi wanakoishi, nasi tukashuka kwa harusi. Siku moja kabla, wanawake walikuwa uani wakipara samaki. Nikavuta beseni langu. Jirani ya Nanjala, mwanamke mpole anaitwa Bi Mwanaisha, akaniona nimeshika samaki mmoja bapa mwenye madoadoa.

"Mama, huyo ni tafi," akasema. "Ana miiba mibaya mgongoni. Niachie mie, wewe kata vitunguu."

"Mwanangu, mimi nimepara samaki kabla mama yako hajaolewa."

"Wa ziwani, mama. Huyu si wa ziwani."

"Samaki ni samaki."

Maneno hayo matatu yalinila mwaka mzima. Samaki wa pili hata sikummaliza. Mwiba uliingia kwenye fundo la kidole cha kati, na moto ukapanda mpaka kwapani. Bi Mwanaisha hakusema "si nilikuambia". Alileta maji ya moto kwenye karai, akanishika kama mtoto, akauzamisha mkono mpaka maumivu yakashuka. Kesho yake nilicheza harusi mpaka kiatu kikakatika. Mwiba nikausahau.

Sasa mtasema, basi ni mwiba, tumeelewa. Ngojeni. La pili ndilo la aibu, na nimeapa kutoliruka.

Watu wa bara mnajua. Mtu akisema anaenda Mombasa, hakosi anayemwita kando na kumpa chupa tupu. "Niletee maji ya bahari." Mmoja ana upele, mwingine duka lake halina wateja, mwingine mtoto wake halali. Mama mkwe wangu aliyaamini maji hayo kuliko hospitali, na mimi niliingia nyumba yake nikiwa msichana, nikaamini anachoamini. Asubuhi ya kuondoka Kilifi nilienda ufuoni mwenyewe na mtungi wa plastiki wa lita tano, ule wa mafuta ya kupikia. Sikutaka kulowesha gauni, nikachota pale karibu, mahali wanapooshea samaki na kutupa matumbo yake. Nilijiambia bahari ni kubwa.

Kwa nini niliuficha? Mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu. Miezi miwili kabla ya safari hiyo nilimsimamisha Mama Beti, anayeuza mboga hapa stejini matatu zinaposimama, mbele ya kikundi kizima, kwa sababu alionekana na chupa ya maji aliyopewa na nabii mmoja wa barabarani. Nilimwambia mwanamke aliyeokoka haweki imani yake ndani ya chupa. Nilisema kwa sauti. Alilia. Halafu mimi huyo huyo nashuka basi Eldoret na lita tano zimefungwa ndani ya gunia. Niliusukuma mtungi chini ya kitanda, nyuma ya sanduku, na sikumwambia mtu.

Januari ni mwezi wangu. Shule zinafunguliwa, na wazazi wanakuja na watoto wamewashika shingo, "Mama Simiyu, pima huyu, amerefuka." Wiki ya pili niliona uvimbe kwenye fundo la kidole, kadiri ya punje ya maharagwe, rangi yake kama zambarau iliyoiva. Haukuuma sana. Huo ndio ubaya wake. Kitu kinachouma unakimbilia dawa. Hiki kilikaa tu, kikaiva polepole, ngozi ikapasuka, kikaanza kutoa maji.

Mimi nikajua dawa yangu iko wapi. Kila jioni kabla ya chakula nilifunga mlango wa chumba, nikamimina maji ya bahari kwenye bakuli, nikazamisha mkono nikiomba, kisha nikayarudisha mtungini yasiishe. Kidonda kilipopanuka, niliongeza asubuhi. Nilikuwa nikikilisha, na nilidhani nakiosha.

Kwenye duka la dawa kijana aliniambia ni jipu, akanipa vidonge vya siku saba. Nikamaliza. Akanipa vingine vyekundu. Nikamaliza. Akanipa dawa ya kupaka kwenye tyubu, kidonda kikanenepa kama kimeletewa uji. Mvua za Machi zilipoanza, watu wakipanda mahindi huko Chepsaita na kwingine, nilikuwa na uvimbe wa pili nyuma ya kiganja. Kisha wa tatu kwenye kifundo cha mkono. Wa nne ukapanda juu kidogo. Uvimbe wote umepangana kwa mstari mmoja kama shanga kwenye uzi. Mnajua inavyokuwa kuona kitu kinapanda mwili wako na kinajua njia? Nilianza kuvaa sweta ya mikono mirefu hata jua likiwaka.

Kwenye zahanati walikipasua. Nilikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, kati ya mtoto anayekohoa na mzee aliyelala begani kwangu kama ametumwa. Kisu kikapita, usaha kidogo tu ukatoka, na baada ya wiki mbili kidonda kikawa mara mbili.

Hapo Simiyu akaanza yake. Simiyu ni fundi wa magari na ni shemasi, na ukimchanganya fundi na shemasi unapata mtu anayejua kila kitu.

"Mama, hii si ugonjwa ya hospitali. Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu anaonea hiyo kazi yako wivu."

"Na huyo mtu alijuaje ni kidole cha kati ndicho kinashika ndoano? Alikuja kupimwa sweta?"

"Mama, unafanya mzaha."

"Wewe ndiye unafanya mzaha. Mkono wangu unaoza, unaniletea habari za wivu. Toka niende nikapige laini hospitali."

Lakini niwaambie ukweli, hata nilipomfukuza, mtungi ulikuwa bado chini ya kitanda. Yeye na mimi hatukuwa tofauti sana.

Mei shule zilifunguliwa tena na kidole kikakataa kukunja. Ndoano ilianguka mara tatu, mara ya nne nikaiacha sakafuni. Nekesa, mke wa Simiyu, akaiokota. Aliketi kwenye kiti changu akasukuma mashine, kwa sababu sweta za watu zilikuwa zimeahidiwa. Mtu mwenye shukrani angesema asante. Mimi nilisimama mlangoni nikamwambia, "Huo si mkono wa sweta, hiyo ni suruali." Kila siku nilipata kasoro. Shingo imelegea. Pindo limevutika. Alivumilia. Jioni alinikatia nyama vipande vidogo, nikavila kwa mkono wa kushoto nimemgeuzia mgongo.

Juni watu wa zahanati wakanituma hospitali kubwa. Huko ukifika unapewa kadi, unaambiwa nenda mlango wa saba, mlango wa saba wanakuambia nenda wa tatu, wa tatu umefungwa. Nimekaa kwenye benchi za hospitali hiyo mpaka nazijua ipi ina msumari. Siku moja niliketi karibu na mama mmoja kutoka Ainabkoi, mguu wake uko kwenye plasta. Alikuwa na viazi vya kuchemsha kwenye mkebe. Aliniona nahangaika na kiazi kwa mkono mmoja. Hakuniuliza nina ugonjwa gani. Alichukua kiazi, akakimenya, akaweka chumvi, akanipa. Akamenya cha pili. Tulikula hivyo mpaka mkebe ukaisha, na jina lake sikuuliza. Namwombea kila siku kama mama wa viazi.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamume mrefu mwenye haraka. Alikata kipande cha nyama kipelekwe maabara. Kisha akaushika mkono wangu akauinua kwenye mwanga.

"Mama, tukingoja sana hii itaingia kwenye mfupa. Huenda tukatoa hiki kidole. Tukichelewa, ni kiganja."

"Hicho kidole ni chako?"

"Hapana, Mama."

"Basi usikitaje kama kiatu kimebana. Kwanza niambie ni nini kinanila. Ukishajua jina lake, turudi tuongee habari ya kukata."

Wanafunzi wa udaktari waliomfuata waliinamisha vichwa wakicheka. Yeye aliniangalia, akasema, "Sawa. Tungoje majibu." Akanipeleka kwa daktari wa ngozi. Nyinyi mtakaoambiwa mkatwe kitu, ulizeni. Si utovu wa adabu. Adabu ni ya mezani, mwili ni wako.

Siku ya kwenda kwa daktari wa ngozi, Nekesa alinisindikiza kwa sababu Simiyu alikuwa gereji. Sikumtaka. Alikuja tu, akabeba kadi na maji ya kunywa. Daktari alikuwa msichana mdogo, nywele amefunga nyuma, sauti laini.

"Shosho, karibu."

"Shosho ni nyanya wa kwenu. Mimi niite Mama."

"Pole, Mama. Nionyeshe." Aliangalia shanga zile moja moja, hakuharakisha. Kisha akauliza kitu ambacho nilidhani ni upuzi. "Mama, unafuga samaki?"

"Samaki, hapa Langas? Nafuga kuku wawili na shemasi mmoja."

Akatabasamu. "Umewahi kudungwa na samaki? Au kuingiza mkono kwenye maji ya bahari?"

"Hapana."

"Hujaenda pwani hivi karibuni?"

"Nilienda harusi tu. Maji sikugusa."

"Una uhakika, Mama? Hata kuosha kidonda?"

"Hapana."

Mara tatu nilikana. Jogoo hakuwika, lakini Nekesa alikohoa.

"Daktari, kuna mtungi," akasema.

"Nekesa, nyamaza."

"Mama, nitanyamaza nikimaliza. Daktari, kuna mtungi ya maji ya bahari chini ya kitanda yake. Asubuhi na jioni anafunga mlango anaosha hiyo mkono. Mimi ndio nafagia hiyo chumba. Nimeiona tangu Januari."

Nilihisi uso umeshika moto. Mwanamke niliyemwita mzembe kwa miezi miwili alikuwa amenifunua mbele ya mtoto wa watu mwenye koti jeupe. Alinijua, alijua nitamfanya nini tukifika nyumbani, na alisema hata hivyo.

Nikafikiri, kama ni kuvuliwa nguo, nitavua mwenyewe. "Sawa," nikasema. "Kama ni kusema, wacha niseme yote. Nilidungwa na tafi. Niliambiwa niache, sikuacha. Na hayo maji nilichota mahali wanapooshea samaki, kwa sababu sikutaka gauni lilowe."

Daktari hakucheka. Alivuta kiti akakaa, goti lake karibu liguse langu. Aliniambia kuna mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, anakaa majini na kwa samaki, anaingia penye mkwaruzo, anakwenda polepole sana. Ni wa ukoo wa TB lakini hatoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Anapenda baridi, ndiyo maana anakaa mikononi na miguuni na haendi ndani kwenye joto. Angewaambia maabara wamwoteshe kwenye baridi kutoka kile kipande cha nyama, maana kule kwenye joto wanakootesha wadudu wengine angejificha.

"Kwa hivyo ni mwiba au ni maji?" nikauliza.

"Siwezi kujua, Mama. Pengine mwiba ulifungua mlango. Lakini mlango ulikuwa unataka kujifunga, na wewe ulikuwa unaufungua kila asubuhi na jioni." Kisha akaongeza, "Na umebahatika. Kwenye maji hayo ya chumvi kuna wadudu wengine wanaoingia kwa kidonda na kuua mtu kwa siku mbili. Hawangojei mpaka Juni."

Tulirudi nyumbani. Mtungi niliutoa mwenyewe, nikaumwaga kwenye shimo la choo, nikaukanyaga ukawa bapa. Na Nekesa sikuongea naye siku kumi na nne. Nilimsalimu kupitia kwa watoto. "Mwambieni mama yenu chai ina sukari nyingi." Alikuwa ameniokoa na nilimchukia kwa hilo. Naliandika kwa sababu kuna mmoja wenu atakayeokolewa na mtu asiyempenda, na atashindwa kuwa na adabu kama nilivyoshindwa mimi.

Majibu yalitoka Julai, mwezi ambao Eldoret hata mbwa anatafuta jiko. Ni huyo huyo mdudu. Nilipewa dawa mbili za kumeza kila siku, miezi mingi, na dawa hizo zilikuwa zinatolewa kwenye kliniki ya kifua, wanakotibiwa wenye TB. Sasa elewa. Watu wa Langas wanakuona kwenye laini ile, na kabla hujafika nyumbani umeshazikwa. Kanisani mama mmoja alinisalimu kwa kiwiko. Mwingine alihamisha mtoto wake benchi ya nyuma.

Sikukubali. Kwenye kliniki niliketi kiti cha mbele kabisa, mkono na bendeji yake juu ya paja, na aliyenitazama nilimtazama zaidi. Jumapili iliyofuata niliomba nafasi ya matangazo ya akina mama. Nikasimama, nikafungua bendeji mbele yao wote. Nikawaambia hii ni nini, imetoka wapi, haiambukizi, na mwenye kuogopa aogope samaki. Kisha nikasema la mtungi. Nikamwangalia Mama Beti, nikamwambia, "Nilikuaibisha kwa jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa njiani kulifanya. Nisamehe."

Mama Beti alisimama polepole akajifunga leso vizuri. "Mwenyekiti," akasema, "nimekusamehe. Lakini yangu ilikuwa chupa ya soda. Yako ilikuwa lita tano."

Kanisa lilicheka mpaka mchungaji akainama. Nami nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu Januari. Walikuja mmoja mmoja kunishika mkono, huo mbovu. Aliyenisalimu kwa kiwiko sikumpa nafasi ya kukimbia. Niliushika mkono wake nikauzungusha kama pampu ya kisima.

Dawa zina tabia zake. Mkojo ulikuwa rangi ya machungwa, jasho likapaka kola ya gauni. Kichefuchefu kila asubuhi. Nilikonda, pete ya ndoa ikawa inazunguka. Kila mwezi walinipima macho, maana dawa moja huweza kukuibia rangi. Nesi ananionyesha karatasi.

"Mama, hii ni rangi gani?"

"Damu ya mzee."

"Naandika nyekundu."

"Usiandike nyekundu. Nyekundu ni ile ya pembeni. Hii ni damu ya mzee. Mimi nafumia shule nne, moja ikikosea rangi mwalimu mkuu anarudisha sweta zote."

Alikuwa akiniita wa mwisho ili tubishane vizuri.

Agosti walinipasua kusafisha ndani. Kabla sijalazwa kwenye kitanda cha magurudumu yule daktari mrefu alikuja. Nilimwambia, "Ukikuta kimekufa, kata. Ukikuta kinapumua, kiache. Usikate kwa sababu una haraka." Nilipoamka mdomo mkavu kama gunia, jambo la kwanza nilihesabu. Bendeji ilikuwa nene, sikuweza kuona. Nikamwita nesi. "Hesabu." Akasema, "Vitano, Mama." Nikamwambia ahesabu tena.

Tulipoelezwa kwamba mkono ukae kwenye joto, kazi hiyo ilichukuliwa na Nekesa. Sikumwomba. Kila saa alikuja na chupa ya maji moto imefungwa kwa kitambaa, anaweka chini ya kiganja, anaondoka, mashine inaanza kulia tena sebuleni. Yule mdudu alikuwa ametoka nchi ya jua akapenda baridi yetu, na mke wa mwanangu akamnyima hata hiyo. Siku moja alipoleta chupa nilitazama sweta iliyokuwa begani kwake.

"Nekesa. Huo mkono wa sweta ni mrefu."

"Najua, Mama. Nimengoja uniambie tangu asubuhi."

"Punguza mistari sita."

"Sita au nane?"

"Sita. Na ukae hapa unywe chai kwanza."

Hivyo ndivyo tulivyopatana. Hakuna aliyelia, msitegemee.

Septemba yote nilibana mpira wa uzi, kukunja na kukunjua, huku natukana kwa lugha ya mama yangu. Novemba mahindi yalivunwa, malori yakapita kutoka Cheptiret yakiangusha magunzi barabarani, na zile shanga za mkononi zikawa zimelala, zimebaki makovu meusi. Daktari wa ngozi alizigusa akasema tusiache dawa hata siku moja mpaka aseme yeye. Sikuacha. Januari shule zilipofunguliwa nilishika ndoano. Kidole kinakunja nusu tu, na asubuhi za baridi kinagoma. Sweta ya kwanza ilinichukua siku tatu badala ya moja. Mkono wa kushoto wa sweta ile haukulingana na wa kulia. Niliufumua nikaufuma tena. Nina mashine yangu sasa, na Nekesa ana yake, tumeziweka ukuta kwa ukuta, na ubishi haujaisha. Februari daktari alisema basi, dawa zimetosha.

Jumapili iliyopita tulikuwa mezani. Ugali umewekwa, mboga imewekwa, Simiyu ameomba kwa muda mrefu kama kawaida yake. Tukaanza. Nikaona shemasi anakula kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ameuweka chini ya meza.

"Simiyu, mkono una nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Spana iliteleza."

"Lini?"

"Si jana. Kama wiki mbili hivi."

"Na mbona nasikia harufu ya gereji hapa kwenye chakula changu?"

Alitazama sahani. Nekesa akatazama dari. Hata watoto waliacha kutafuna. Nilijua ninachonusa. Nimeishi na mafundi. Wanachukua mafuta ya breki, wanamwaga kwenye jeraha, wanafunga kitambaa cha kufutia injini, wanarudi chini ya gari. Na yeye alikuwa na uso ule ule niliokuwa nao mimi mbele ya yule msichana wa koti jeupe.

Nikasukuma sahani katikati ya meza.

"Hakuna mtu anakula. Wote, wakubwa kwa watoto, wekeni mikono yenu hapa juu niione, pande zote mbili. Na wewe, Shemasi, anza: fungua hicho kitambaa, na useme uliweka nini."